Spika ya Dirishani

Neli alikuwa amejiapiza kusema kabla bajaji haijafika Kyela mjini. Ikafika. Akajiambia atasema spika zikishashushwa. Zikashushwa. Sasa zilikuwa zimelazwa chali juu ya meza ya fundi, spika mbili kubwa za mbao nyekundu zilizotoka Zambia kabla yeye hajazaliwa, Hezroni ameshika bisibisi, na Neli alikuwa bado hajafungua mdomo ila kwa salamu.

"Ugonile," alikuwa amesema pale mlangoni.

"Ndaga," Hezroni alikuwa amejibu, ameinamia redio ya mtu. Kisha akainua uso, na pasi ya solda iliyokuwa mkononi mwake ikaanza kuunguza ubao wa meza bila yeye kuona.

Miaka kumi na mmoja si kidogo. Mtoto aliyezaliwa siku walipoachana sasa angekuwa darasa la tano na tayari anajua kusema uongo. Ndevu za Hezroni zilikuwa zimeingiwa na mvi chache upande mmoja wa kidevu, na mabega yake yalikuwa mapana kuliko Neli alivyoyakumbuka. Lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayesikiliza kwanza ndipo anatazama. Neli alitamani aendelee kutazamwa hivyo hadi jioni, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilisikia umerudi," alisema.

"Nina miezi mitatu hapa."

"Nilisikia."

"Ulisikia," Hezroni alirudia, akageuza bisibisi mkononi. "Na hizi nazijua. Hizi ni za Mzee Yakobo."

"Ni zake. Zimekufa sauti. Mama anataka kusikia kwaya zake kabla ya Pasaka, na koni, zile karatasi za mbele, zimeliwa zote mbili."

"Pole kwa msiba wa mzee. Habari zilinifikia zimechelewa, wakati huo nilikuwa mbali."

"Asante. Ni miaka miwili sasa."

Kibanda cha Hezroni kilikuwa nyuma ya soko, upande wanakokoboa mpunga, na vumbi la pumba lilikuwa limetanda kila mahali mpaka kwenye kope zake. Ukutani zilining'inia redio zisizo na migongo. Neli aliketi kwenye kigoda cha wateja, akakumbatia mkoba wake, akatazama mikono ya yule mwanaume ikipapasa mbao za baba yake polepole, ikitafuta nyufa.

Mzee Yakobo alirudi Mwaya kutoka migodi ya shaba na vitu vitatu: kikohozi, sanduku la bati, na spika hizi. Kikohozi kilimtesa, sanduku likaota kutu, lakini spika zilimpa heshima kijiji kizima. Moja aliiweka karibu na mlango, nyingine chini ya dirisha, na kwa hiyo nyumbani ziliitwa hivyo, ya mlangoni na ya dirishani, kama watu wanavyoita watoto wao. Jumapili baada ya ibada watu walijaa barazani kusikiliza kwaya. Mzee alikuwa akiwaambia wageni wakae katikati kabisa, kisha anafumba macho na kuinua kidole gitaa la besi linapoingia.

Kosa lilikuwa ndani ya ile ya dirishani, na halikuwa kosa la Hezroni. Lilikuwa la Neli. Hakuna mtu duniani aliyelijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe, na leo amelibeba kwa bajaji kutoka Mwaya mpaka hapa, amelishusha kwa mikono yake juu ya meza ya mtu aliyeponzwa nalo. Fundi akifungua boksi lile ataliona. Neli alitaka alisikie kwanza kinywani mwake, kabla hajaliona kwa macho. Hilo tu ndilo alilokuwa amelifuata, na ndilo lililomshinda.

"Mama yako anajua umezileta kwangu?" Hezroni aliuliza.

"Anajua nimezileta kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi wa Kyela."

Hezroni alicheka kidogo puani, cheko lisilo na furaha. Akavuta ile ya mlangoni karibu. Neli akashusha pumzi. Muda ulikuwa bado upo.

Skrubu zilikuwa nane. Hezroni alizitoa moja moja akizipanga ndani ya kifuniko cha rangi ya viatu, kisha akainyanyua ile spika kuukuu ya ndani kutoka kwenye tundu lake. Zikamwagika mezani punje za kakao, mkono mzima, kavu na nyepesi.

"Panya wenu wana akiba," alisema.

"Mama alikuwa akilaumu jirani."

"Mwombeni radhi jirani." Akagusa ukingo wa koni kwa kidole, nao ukabomoka kama ukoko wa wali. "Unaona? Koni yenyewe ni karatasi nzuri, hawatengenezi tena hivi. Kilichooza ni huu ukingo unaoishika. Ningeweza kuushona, lakini hautamaliza masika mawili. Nitatoa zote mbili niweke mpya, zenye ukingo wa mpira. Zina nguvu mara nne ya hizi."

"Na boksi?"

"Boksi siligusi. Maboksi ya siku hizi ni vumbi la mbao na gundi, ukilimwagia chai linavimba. Hili ni mti mtupu." Akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Kuna mafundi watakuwekea spika kubwa ya disko humu, ilie kama debe, ukasifiwa mtaa mzima. Boksi ndilo linalochagua spika, Neli. Wewe unalipima tu na kulitii."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. Neli alitazama pembeni, kwenye redio zisizo na migongo, mpaka macho yakakauka.

Hezroni alikata pete ya ubao ili spika mpya ikae vizuri katika tundu la zamani, akaipiga msasa, akapuliza vumbi. Alifanya kazi bila haraka na bila maneno, na Neli alijikuta amesahau kidogo kilichomleta. Ndivyo ilivyokuwa siku ile pia, miaka kumi na mmoja nyuma. Panya walikuwa wamekata nyaya ndani ya maboksi yote mawili, Hezroni akaitwa kuja kuzibadilisha, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitatu mwenye baiskeli na mfuko wa vifaa. Neli alikaa kwenye mkeka akimshikia tochi. Walikuwa wanapendana kwa siri tangu mavuno, kwa siri ambayo nusu ya Mwaya iliijua, maana mapenzi ni kikohozi. Ilimchukua alasiri nzima kazi ya saa moja, na hakuna aliyetaka iishe.

Sasa Hezroni alichukua betri ya tochi, ile nene, akagusisha nyaya zake kwenye miguu ya spika mpya. Koni ikaruka nje, tap, ikarudi. Akagusisha tena. Tap. Kisha mara ya tatu.

"Unafanya nini?"

"Napima uelekeo. Ikiruka nje, waya umekaa mahali pake. Ikiingia ndani, nimegeuza." Akaweka betri chini. "Spika mbili zinatakiwa kusukuma pamoja. Ukigeuza nyaya za moja, hii ikisukuma ile inavuta. Zitalia zote, wala hutasema kimeharibika kitu, lakini zinakulana. Besi yote inapotea katikati."

"Lakini umepima mara tatu."

"Kila spika inayopita hapa, mara tatu. Fundi wa jirani ananiita daktari wa presha."

"Kwa nini mara tatu?"

Hezroni alivuta kile kifuniko cha skrubu karibu.

"Unajua kwa nini," alisema.

Alijua. Ilikuwa Jumapili iliyofuata baada ya kazi ile. Mzee Yakobo amekaribisha wazee wa kanisa, amewakalisha katikati, ameweka kanda, amefumba macho na kuinua kidole, na besi isije. Sauti ikatoka nyembamba, tupu, kama ya watu wanaoimba ndani ya pipa. Mzee mmoja akacheka. Alipocheka mmoja wakacheka wote, na Mzee Yakobo akabaki na kidole chake juu.

"Nilipokuja kuposa alinisimamisha uani mbele ya mshenga wangu, zile spika zikilia ndani," Hezroni alisema, akirudisha skrubu ya kwanza. "Nakumbuka neno kwa neno. 'Fundi aliyeua besi ya spika zangu, binti yangu atamfanyaje?' Nikamwambia, baba, niruhusu nifungue tu, kama nimekosea nitarekebisha palepale. Akasema sitagusa tena kitu chake chochote. Na alipotamka chochote, alikutazama wewe."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia ya ndizi. Ulitazama chini."

"Ndiyo."

"Nilingoja useme neno. Lolote. Hata useme tu, baba, mpe nafasi."

Neli alifungua mdomo. Sasa, alijiambia, sasa hivi. Simu ikalia ndani ya mkoba.

Alikuwa mama yake, na mama yake alipopiga simu hakuhitaji kipaza sauti, kibanda kizima kilimsikia.

"Umefika salama? Huku mawingu yamefunga, naanua kakao peke yangu. Fundi umempata?"

"Nimempata, mama."

"Nani? Kaka yako Sylvester kapiga kutoka Mbeya, anasema kuna vijana wanaiba sumaku za ndani. Ni fundi gani huyo?"

"Ni fundi tu, mama."

"Asiwe yule. Nimesikia amerudi yule aliyeua besi ya marehemu. Nakwambia Neli, mtu yule asiziguse tena, baba yako hatalala huko aliko."

Hezroni aliendelea kukaza skrubu. Hakuinua uso.

"Ni fundi mmoja hapa karibu na soko," Neli alisema. "Mvua inakuja, mama. Nitakupigia."

Akakata simu. Hezroni akakaza skrubu ya mwisho.

"Fundi mmoja," Hezroni alisema.

"Hezroni..."

"Hapana, ni sawa. Nimekuwa fundi mmoja mahali pengi."

Aliishusha ile ya mlangoni chini, akaivuta ya dirishani. Nje upepo ulipiga mara moja, ukatulia, kisha mvua ya Kyela ikashuka juu ya bati. Wasiojua mvua ya huku hudhani mvua ni kitu kinachodondoka. Hii hushuka yote kwa pamoja, na ukiwa chini ya bati huwezi kusikia hata mawazo yako. Hezroni akainamia kazi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Neli alisimama. Ya tatu, ya nne. Alikwenda mpaka ukingo wa meza. Ya tano. Aliona ukosi wa shati la yule mwanaume umechakaa, hakuna mtu nyumbani wa kuugeuza na kuushona upya, na jambo hilo dogo likamuuma kuliko yote. Ya sita. Ya saba.

"Ni mimi niliyegeuza nyaya," alisema.

Bati lilimeza kila neno. Hezroni aliweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya nane.

Hapo, msomaji, Neli angeweza kurudi kwenye kigoda akakaa. Angeweza kujidanganya kwamba amesema, kwa sababu kweli amesema, na mvua ni shahidi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikubali udanganyifu mdogo kuliko huo. Badala yake alinyoosha mkono, akaufunika mkono wa Hezroni uliokuwa na bisibisi.

Hezroni alitazama ule mkono, kisha akamtazama yeye. Neli akainama mpaka midomo yake ikakaribia sikio lake.

"Ni mimi niliyegeuza nyaya za hii. Si wewe. Wewe ulizifunga sawasawa. Siku mbili baadaye nilifungua kwa kisu cha jikoni, nikachomoa vile vibano viwili vya nyaya, nikavibadilisha mahali, nikafunga."

Alidhani atamsukuma. Hezroni hakumsukuma. Aliutoa mkono wake chini ya mkono wa Neli, polepole sana, akatoa skrubu ya nane, akainyanyua spika. Nyuma yake zilikuwepo nyaya mbili, na mmoja ulikuwa na fundo dogo, alama yake ya ujanani, aliyoifunga kila mara kwenye waya wa chanya asije akapotea. Fundo lilikuwa kwenye mguu wa hasi.

Aliligusa kwa kidole gumba.

"Fundo langu," alisema, na Neli alilisoma zaidi midomoni kuliko kulisikia.

Mvua ikapungua na kuacha matone ya kuhesabika. Hezroni aliketi juu ya gunia la maboksi matupu, spika mapajani.

"Kwa nini?"

"Nilitaka urudi. Ulimaliza kazi vizuri mno, hukuacha hata sababu ya kurudi. Nilidhani itazima kabisa, baba atakuita, utakaa tena alasiri nzima." Aliona aibu kusema, akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na hamu nawe kila saa."

"Nilikuwa narudi."

"Sikujua."

"Mshenga alikuwa ameshapangwa. Ilibaki wiki moja. Sikukwambia kwa sababu nilitaka ukae jikoni usikie sauti yake uani, ushtuke."

Neli alifunika uso kwa viganja. Wiki moja. Wote wawili walikuwa wamepanga kwa siri jambo moja lile lile, Hezroni arudi pale nyumbani.

"Sawa, hiyo ni ya utoto," Hezroni alisema. "Hiyo naielewa. Lakini siku ile, na ile sinia?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa baba?"

"Baba angenichapa tu, yangekwisha. Niliogopa kuonekana msichana anayemwinda mwanaume mpaka anaharibu mali ya baba yake. Halafu kesho yake nikaogopa kwa sababu jana nilinyamaza. Ikawa hivyo. Kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Ulipoondoka nikajiambia nitasema ukirudi. Alipokuja mfanyabiashara wa mpunga kunichumbia nikamkataa, wakasema naringa. Sikuwa naringa. Nilikuwa naona sistahili mtu."

"Na mzee hukumwambia."

"Nilimuuguza kitandani wiki tatu za mwisho. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Kila siku nilisema leo. Amekufa akikuita mjinga, Hezroni. Nalala na hilo, naamka nalo."

Hezroni alikuwa anaikunja na kuikunjua mikono yake, akiitazama.

"Unajua nilikwenda wapi?"

"Tunduma, walisema."

"Tunduma ni baadaye. Kwanza nilikaa Kasumulu miaka miwili nabeba magunia mpakani. Ndiyo maana mabega yamekuwa hivi. Mtu akiniletea redio nasema siijui kazi hiyo. Niliitoa mikono yangu kwenye kitu pekee ilichokipenda, kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba nilifunga sawa, na masikio yaliniambia sikufunga sawa. Mtu asipoamini mikono yake mwenyewe anaishije? Niliporudi kwenye solda nilianza na ile betri. Mwanamke niliyekaa naye Tunduma alisema nina ugonjwa, napima kila kitu mara tatu, mpaka mlango usiku. Alikuwa mkweli. Akaondoka."

"Nisamehe."

"Bado."

Neli aliitikia kwa kichwa.

"Usiniharakishe," Hezroni alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini, imechoka. "Wewe umekaa na jambo hili miaka kumi na mmoja. Mimi nimelijua sasa hivi."

Alisimama, akainyanyua ile ya mlangoni iliyokwisha kazi, akaibeba hadi nje ambako Yusto, dereva wa bajaji, alikuwa anafuta maji kwenye kiti. Neli alimfuata.

"Na ile nyingine?"

"Ile inabaki."

"Unaifanya lini?"

"Naweza kuimaliza kwa nusu saa. Inabaki." Alifunga spika kwa kamba kwenye kiti cha nyuma, akavuta fundo kujaribu kama limekaza, akavuta tena, akataka kuvuta mara ya tatu. Akaiacha kamba. "Nitaileta mwenyewe Jumamosi, mchana, watu wakiona. Nikifika nataka nikute mama yako anajua. Sitamuuliza, nitamwona usoni. Kama hajui nitaiacha barazani nirudi zangu, na hutaniona tena."

"Na kama anajua?"

"Kama anajua nitaingia niifunge mahali pake."

"Hezroni. Kuifunga tu?"

Alikuwa ameshageuka. Akaingia kibandani, akaifunika ile ya dirishani kwa gunia.

Njia nzima ya Mwaya Neli alikaa ameishika ile spika kwa mkono mmoja isigonge, na mahali pa pacha wake palikuwa pamekaa hewa. Madimbwi yalikuwa yamejaa barabarani, mashamba ya mpunga yameungana na mitaro, na Yusto, kijana mwenye maneno mengi, aliendesha macho yakiwa barabarani tu.

Mama yake alikuwa amekunja mikeka ya kakao na kukaa sebuleni na khanga mabegani. Chini ya dirisha, mahali pa spika, alikuwa ameweka chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Ikombe alichonunua mnadani, kikae hapo mpaka spika yenyewe itakaporudi.

"Mbona moja?"

"Nyingine bado. Ngoja nifunge hii usikie."

Akaiunganisha kama Hezroni alivyomwonyesha alasiri ile ya zamani, waya wenye alama kwenye mguu wenye alama. Akaweka kanda ya kwaya ya marehemu. Sauti ikatoka nene, safi, ikajaa hadi kwenye mabati, na mama akashika kifua.

"Yesu wangu," alisema polepole. "Fundi huyu ni mtu."

Akasikiliza ubeti mzima akiwa amefumba macho, kichwa kikiyumba. Kisha uso ukaanza kukunjana.

"Wanaume wako wapi? Naimbiwa na wanawake watupu."

"Walirekodiwa upande wa dirishani, mama. Baba alikuwa akisema hivyo, wanaume wanaimbia dirishani."

"Ndiyo, ndiyo." Mama alitazama ile kona, chungu kimekaa kimya. "Basi na hao warudi haraka. Nyumba hii imekaa na sauti za wanawake mno."

Neli alipiga magoti sakafuni, karibu na miguu ya mama yake, mahali ambapo wageni walikalishwa zamani, katikati kabisa.

"Mama, fundi mwenyewe ni Hezroni," alisema. "Na hakuua besi ya baba. Niliiua mimi."

Akamweleza yote. Kisu cha jikoni, vibano, sinia ya ndizi, uji wa kijiko. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine, wanawake peke yao, wakiacha nafasi za kujibiwa na kujibiwa kusije. Alipomaliza, Neli akainamisha kichwa akingoja kofi ambalo angelipokea kwa shukrani.

Kofi halikuja. Mama aliinuka akishika kiuno, akaenda dirishani. Alikikumbatia kile chungu kwa mikono miwili, licha ya mgongo wake mbovu, akakiburura hadi nje ya mlango. Akarudi, akavua khanga mabegani, akapiga goti na kufuta vumbi pale chini ya ukuta, taratibu, mpaka alama nne za miguu ya spika zikaonekana tena sakafuni.

Kisha akabaki hapo hapo, khanga mkononi, hajageuka.

"Miaka yote hii nilimsema kanisani, kisimani, msibani," alisema. "Jumamosi akipita mlango ule, Neli, mimi nitamtazama wapi?"

Neli alikwenda akapiga goti upande wa pili wa zile alama nne, na wote wawili wakakaa hivyo, mahali patupu katikati yao, wakisikiliza wimbo nusu.